Msimu wa maigizo chuoni: wasichana 23, wavulana 11, nafasi tatu za ukumbi. Tuigize nini?

Mshika Pazia

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha maigizo kwenye chuo kimoja hapa Dar. Chuo sikitaji, maana mengine nitakayoyasema ni aibu ya ndani. Mwaka huu wa masomo tumepewa ukumbi mara tatu: wiki ya kwanza ya Desemba, mwisho wa Aprili, na mwanzoni mwa Juni kabla watu hawajazama kwenye mitihani ya mwisho (UE). Kamati inakaa Alhamisi ijayo kuchagua michezo. Nimeshakaa kwenye vikao vya namna hii mara mbili, najua vinavyokwenda. Kila mjumbe anakuja na kitabu alichokipenda kidato cha sita, tunabishana mpaka mlinzi anakuja kuzima taa, na anayeshinda ni yule asiye na kipindi kesho yake asubuhi.

Vilivyopendekezwa mpaka sasa ni Kinjeketile, Mabepari wa Venisi, Aliyeonja Pepo, Kwenye Ukingo wa Thim na Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Hapo huwezi kunyoosha kidole ukasema hiki kibovu. Ndiyo maana nimekuja huku.

Jumamosi iliyopita tulifanya usaili wa wanachama wapya. Walikuja 34. Wasichana 23, wavulana 11, na katika hao 11 wawili walikuwa wamemsindikiza mtu. Sasa chukua Mabepari wa Venisi uhesabu wanawake: watatu. Mkaguzi: mke wa mkuu wa mji, binti yake, na wengine wanaopita kulalamika kisha wanatoka. Kinjeketile ni vita vya Majimaji, wazee na wapiganaji. Kwa hiyo hata kabla ya kusoma mstari wa kwanza tumeshawaambia wasichana zaidi ya 15 kwamba kazi yao ni kushona maleba na kukata tiketi mlangoni.

Niwape mfano wa mwaka jana ili mnielewe. Tulifanya Kinjeketile. Watu 19 jukwaani, wasichana wanne. Mto tuliutengeneza kwa kitambaa cha bluu, mita nane, kimeshikwa na wasichana wawili waliochuchumaa huku na huku wakikitikisa. Kinjeketile wetu alitakiwa aingie mtoni, apotee, halafu atoke mkavu. Muujiza wenyewe ndio huo. Alipoingia, kitambaa kikamzunguka kifundo cha mguu. Akajaribu kujinasua kwa heshima, kikakaza. Akavuta. Yule msichana wa upande wa kulia akavutwa naye, akaingia jukwaani kwa magoti. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Maji yamemkataa!" na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Kuanzia hapo Majimaji ikawa komedi. Watu wanapigwa risasi, wengine wanafuta machozi ya kucheka.

Lakini kinachoniuma si kitambaa. Yule msichana aliyevutwa kwa magoti ndiye aliyekuwa na sauti kubwa na safi kuliko wote kwenye usaili wa mwaka ule. Ukumbi wetu hauna maikrofoni, yeye alisikika mpaka kwenye mwembe nje. Tukampa kitambaa atikise.

Pesa: serikali ya wanafunzi inatoa laki tisa kwa mwaka mzima. Kiingilio 2,000. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka, tiketi zinakwisha saa sita mchana. Likichelewa, unaigiza mbele ya wapenzi wa waigizaji.

Naomba mawazo. Michezo ipi, na ipi ianze? Nawasilisha.

Dogo Mbishi

Mkuu, kwa heshima zote, hivyo vitabu ni vya kabla hujazaliwa. Kinjeketile 1969, Mabepari 1969, Aliyeonja Pepo 1973, Thim 1988. Mwanafunzi wa leo anaangalia video ya sekunde 30 anachoka, wewe unataka umkalishe saa mbili kwenye benchi amsikilize Shakespeare aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Andikeni vyenu. Mapenzi ya hosteli, mikopo ya mtandaoni, kubeti. Mtajaza.

Mshika Pazia

Dogo, tumejaribu. Mwaka juzi tulitangaza shindano la miswada, ikaja 11. Tisa zilikuwa filamu. Onyesho la kwanza: ndani ya daladala. La pili: wodini. La tatu: uwanja wa ndege usiku, mvua inanyesha. Mmoja ukurasa wa sita gari linatumbukia mtoni, na mto sisi tumeshauona unavyotutenda.

Mbili zilizobaki ni nzuri, fupi, dakika 25 kila moja. Moja ina wasichana watatu chumbani wanagawana unga wa mwisho wa mwezi. Hizo nazitafutia mahali. Ila siwezi kupanga msimu mzima juu ya miswada ambayo bado haijaandikwa. Waandishi wetu huwa wanamaliza sehemu ya mwisho siku ya mazoezi ya mwisho, waigizaji wanakariri wakiwa wanapakwa poda.

Mwanagenzi 254

Hamjambo nyote. Niko Eldoret, nilikuwa katika kikundi cha chuo kwa miaka mitatu kabla ya kuhitimu.

Huku kwetu vikundi vingi vinaishi kwa vitabu teule. Kitabu kikishaingia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, vikundi vinazunguka shuleni kukiigiza, wanafunzi wanalipa, walimu wanashukuru. Kigogo ilipokuwa kitabu teule tuliigiza mara nyingi hadi mwenzetu aliyeigiza Majoka, mtawala wa mle, akaanza kuitwa Majoka kwenye foleni ya chakula. Ubaya wake ni kwamba hadhira inakijua kitabu kuliko wewe. Ukiruka mstari, msichana wa kidato cha tatu aliyekaa mbele anautaja kwa sauti. Si mzaha, amenifanyia mimi.

Kwa hivyo swali langu: je, huko kwenu hamwezi kutafuta kitabu cha shule kwa onyesho moja la mchana? Mnawaita wanafunzi wa sekondari zilizo karibu, shilingi mia tano mia tano, pesa hiyo inalipia yale maonyesho ya usiku mnayoyataka nyinyi. Ngoswe nasikia imesomwa Tanzania miaka na mikaka.

Kuhusu wasichana, itafuteni Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, 1981. Kiongozi wa wafanyakazi ni mwanamke, Lanina, na si mwanamke wa kupambia. Mwandishi alikuwa mhadhiri katika chuo cha Kenyatta, na mwaka wa 1982 akatiwa kizuizini. Wanafunzi wakijua hilo kabla ya pazia kufunguka husikiliza kwa namna nyingine.

Mshika Pazia

Mwanagenzi, asante sana. Ngoswe ndiyo, hakuna asiyemjua karani wa sensa aliyezama kwenye mapenzi mpaka Mzee Mitomingi akachoma makaratasi ya serikali. Edwin Semzaba mwenyewe alikuwa mwalimu wa sanaa za maonyesho Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ukiisoma unaona imeandikwa na mtu anayejua mwigizaji anaingilia wapi na kutokea wapi. Nyumba moja, kibao kimoja, makaratasi. Haitusumbui mfuko. Onyesho la mchana kwa sekondari nalipeleka kwenye kamati kama lilivyo.

Mwana Makunduchi

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mie niko Unguja, nimesomesha skuli miaka mingi na nimeongoza michezo ya wanafunzi. Nna mambo mawili tu.

La kwanza, Aliyeonja Pepo. Ni mchezo mtamu, Farouk Topan kaandika kwa mkono mwepesi: mtu anachukuliwa kimakosa akapelekwa peponi kabla ya siku zake, na huko juu mambo yanakwenda kama ofisini. Watu wazima wanaucheka na hawapati dhambi. Lakini chuo hakikosi mtu wa kusimama katikati ya mchezo akauliza nani kampa ruhusa huyu avae umalaika. Mkiuchagua, muongozaji awe na jawabu yake kabla ya siku hiyo, tena awe keshazungumza na jumuiya za dini zote hapo chuoni, si moja. Na tafadhalini, msimpake malaika unga usoni wala msimvishe mbawa za pamba. Kanzu safi inatosha. Mkimvisha mbawa mshaugeuza kichekesho cha harusini.

Hesabuni na Ramadhani. Miaka hii inaangukia Februari na Machi, kwa hiyo onyesho lenu la Aprili mazoezi yake mengi yamo ndani ya mfungo. Mtu kafunga, saa kumi jioni humwambii apige ngoma akaruka. Fanyeni baada ya tarawehe au muyahamishe asubuhi.

La pili ni lafudhi. Nimeona vikundi vya bara vikichukua mchezo wa pwani na kila mtu anataka aseme kama mtu wa Mji Mkongwe. Anatoka hivyo hivyo, si wa Mji Mkongwe si wa kwao. Mwacheni Mhaya aseme kwa ulimi wake, mchezo utasimama. Mkitaka kitu kidogo chenye watu wachache, isomeni Amezidi ya Said Ahmed Mohamed. Ame na Zidi ndio wanaoubeba mchezo, na sioni kinachozuia wote wawili kuchezwa na wasichana.

Fundi Taa

Nimefunga taa kwenye kumbi nyingi za vyuo hapa mjini. Ukumbi wenu paa lake ni la nini?

Mshika Pazia

Bati. Bila dari.

Fundi Taa

Nilijua. Basi mwisho wa Aprili ni masika. Mvua ikipiga bati hata mwenye sauti ya mnadani hasikiki mstari wa tatu. Nimeshuhudia mchezo wa mahakamani unaendelea dakika 20 watazamaji wanaona midomo inacheza tu. Aprili wekeni mchezo wenye ngoma, wimbo, miili. Mchezo wa maneno upelekeni Juni, kipupwe, kumekauka.

Na msikodi taa za laki nne. Anzeni saa kumi jioni milango yote ikiwa wazi, jua linaingia kwa ubavu mpaka saa kumi na mbili. Taa mbili za kumalizia zinatosha. Umeme ukikatika hamna hasara.

Kisiki

Wanangu, nimesoma uzi wote. Mimi ni mtu wa zamani kidogo, nilikuwa jukwaani miaka ya themanini, nikaacha, nikarudi kufundisha vijana mtaani. Nitaandika kirefu, anayechoka aruke.

Kwanza huo mto. Mwanangu Mshika Pazia, nani aliwaambia mto uonekane? Kinjeketile akienda mtoni aende nje ya jukwaa, gizani, kule watu wasikoweza kuona. Jukwaani mbaki na wanaomsubiri. Ngoma inyamaze kabisa. Mtu mmoja ainuke aangalie mtoni, akae. Mwingine ainuke. Hadhira nayo itaanza kuangalia kule. Akirudi, nguo kavu, hamna haja ya kitambaa hata sentimita moja. Ule mchezo uzito wake hauko kwenye maji wala bunduki. Uko kwa mtu anayeanza kuishuku sauti iliyomwambia kwamba Mjerumani akiondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said, na mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Mchezo wa namna hiyo hauharibiwi na uchache wa wavulana. Unaharibiwa na haraka.

Pili, mnachagua kinyumenyume. Mnaanza na kitabu halafu mnatafuta watu wa kukijaza. Sisi kuna mwaka tulikuwa na wanaume wawili tu waliobaki, mmoja kigugumizi. Tukachukua kazi ya utambaji, mtambaji mmoja katikati na wengine wote ni waitikiaji. Ebrahim Hussein, huyo huyo aliyeandika Kinjeketile, alishatengeneza njia hiyo mwaka 1976 kwenye Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Yule kigugumizi akitamba hakigugumizi. Sijui kwa nini, ila ndivyo ilivyokuwa.

Wewe una wasichana 23. Sasa kwa nini hakuna aliyetaja Nguzo Mama? Penina Muhando, 1982. Kijiji kinaitwa Patata. Wanawake wanataka kusimamisha nguzo. Bi Moja, Bi Mbili, mpaka Bi Nane, kila mmoja ana mzigo wake wa nyumbani na ana sehemu yake ya kuigiza, si wa kubeba sinia apite. Yumo Chizi anayesimulia. Kuna nyimbo, kuna ngoma, na kwa maneno ya Fundi hapo juu, hata mvua ikinyesha mchezo hauzami.

Ila nina masharti nayo, kwa sababu nimeona inavyouawa.

Nguzo iwe nzito kweli. Nimeona wakitengeneza ya maboksi, wamepaka rangi ya kahawia, wasichana wanajifanya wanaugua kuinyanyua. Hadhira haidanganyiki, mabega hayasemi uongo. Leteni gogo. Wainue gogo, mishipa ya shingo iwatoke, liwashinde. Mkishafanya hivyo mara moja kwenye mazoezi mtaona waigizaji wenyewe wanaanza kugombana kwa haki, kama wale kina mama kwenye kitabu. Zingatieni usalama wao lakini, watu wawili wasioigiza wakae karibu.

Sharti lingine: mtashawishiwa muipeleke Machi 8, Siku ya Wanawake. Kutakuja mfadhili, atataka bango lake nyuma ya jukwaa na hotuba tatu kabla ya mchezo. Kataeni. Ule mchezo hauwasifu wanawake wa Patata. Unawaonyesha wanavyoshindwa kushikana, na unauma kwa sababu hiyo. Ukishatanguliwa na hotuba ya pongezi, watu wanapiga makofi mahali pa kunyamaza.

Na Chizi msimpe mchekeshaji. Kila kikundi kina kijana mmoja ambaye akitokea tu watu wanacheka. Huyo mwekeni kwingine. Chizi akichekesha kupita kiasi, kile anachokisimulia hakisikiki.

Desemba wekeni kitu cha kucheka. Mwaka wa kwanza ndio kwanza wamefika, wengi hawajawahi kuona mchezo wa jukwaani zaidi ya ule wa shuleni kwao. Ukiwaanzishia na mazishi hawarudi Aprili. Tafuteni Hawala ya Fedha ya Amandina Lihamba, 1980. Ameitoa kwenye kisa cha Ousmane Sembène wa Senegali, kile alichokitengenezea filamu Mandabi mwaka 1968. Mtu anatumiwa pesa na jamaa yake aliyeko Ulaya, anakwenda posta, hana kitambulisho. Ili apate kitambulisho anatakiwa cheti. Ili apate cheti anatakiwa kitu kingine. Huku mtaani habari ya pesa imeshafika kabla yake, wanakuja wa kukopa. Mtu yeyote aliyewahi kuambiwa "kalete kwanza barua ya serikali ya mtaa" atacheka mpaka aone huruma. Na hao makarani wa dirishani wote wanaweza kuwa wasichana. Mwambieni mmoja awe anakula karanga, anazimenya moja moja, hamwangalii mteja.

Dogo Mbishi

Shikamoo mzee. Hiyo ya karanga nimeiona jana na macho yangu, haikuwa mchezo.

Kisiki

Marahaba. Umeona? Ya 1980 hiyo.

Wakili Msomi

Nichangie kidogo upande wa ruhusa, maana naona mnataja vitabu kama vya urithi wa bibi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuigiza mbele ya watu wanaolipa kiingilio kunahitaji idhini. Andikieni wachapishaji barua mapema, elezeni ni kikundi cha wanafunzi, siku mbili, watu wangapi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kudhani Mabepari wa Venisi ni ya bure kwa vile Shakespeare alikufa zamani. Shakespeare ndiyo, tafsiri siyo. Mwalimu amefariki 1999, hesabuni wenyewe. Na chuoni kwenu hakikisheni mlezi wa wanafunzi amesoma muswada, si jina la mchezo tu.

Mwanagenzi 254

Mzee Kisiki amenikumbusha. Kama Juni ni ya maneno, basi Kwenye Ukingo wa Thim ibaki. Huku Kenya wazee wetu bado wanabishana juu ya kisa kilichoizaa. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mkewe Wambui akataka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong, ukoo ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufani, akazikwa Mei 1987, ukoo umeshinda. Hussein akachapisha tamthilia mwaka uliofuata. Nilipoiona ikiigizwa, wawili waliokaa nyuma yangu, mume na mke, walianza kubishana kimya kimya, wakaendelea hadi kituo cha matatu. Martha, yule mke katika mchezo, akipata mwigizaji mzuri, hamhitaji mengine.

Msiwe na hukumu lakini. Waigizaji wakianza kumfanya Martha malaika na ukoo mashetani, imekwisha.

Mwana Makunduchi

Hapo nakuunga mkono. Na ukoo uchezwe na watu wanaopendeka.

Mshika Pazia

Wakuu, kikao kimekwisha jana usiku, saa tano na robo. Nawapa mrejesho kama nilivyoahidi watu wa inbox.

Nilifanya kitu kimoja kabla hatujaanza. Nilikata vikaratasi 34, kila kimoja jina la mtu aliyekuja kwenye usaili, nikavimwaga mezani. Nikamwambia kila mwenye kitabu chake achukue karatasi za watu wa kukiigiza. Mwenyekiti, mtu wa Mabepari, akachukua wavulana wote 11 na wasichana watatu, akabaki anatazama lundo lililobaki. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema Mabepari ipumzike. Alinuna, nisiwafiche, na leo asubuhi hakuitikia salamu vizuri.

Yaliyopita: Desemba ni Hawala ya Fedha, jioni mbili, na mchana mmoja Ngoswe kwa sekondari mbili za jirani. Aprili ni Nguzo Mama. Juni ndiko kulikokuwa na vita. Nusu wanataka Thim, nusu wanataka zile fupi mbili za wanafunzi. Tumepatana zile fupi ziende usiku wa Alhamisi, Thim Ijumaa na Jumamosi. Amezidi imeshindwa kwa kura moja, mimi niliipigia. Aliyeonja Pepo imeahirishwa mpaka tupate mwongozaji mwenye moyo. Kinjeketile tutairudia mwaka kesho kutwa, bila kitambaa, na mzee Kisiki tunakuomba uje siku moja ya mazoezi, nauli tutachanga.

Barua za wachapishaji zimeandikwa. Mazoezi ya Februari na Machi tumeyapeleka asubuhi za Jumamosi na Jumapili mchana.

Kisiki

Nitakuja. Nauli kaeni nayo. Chizi amepata nani?

Mshika Pazia

Yule wa kitambaa, mzee. Nilimpigia simu usiku ule ule. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama jukwaani kutakuwa na kitambaa chochote.

Kisiki

Huyo huyo.

Fundi Taa

Na gogo je? Nyumbani Kigamboni mnazi umeangushwa na upepo wiki mbili zilizopita, bado mbichi. Nikiwakatia mita tatu ni watu wanne kuunyanyua, tena wakakamavu. Njooni na guta.

Mshika Pazia

Fundi, umetuokoa. Tunakuja Jumamosi, wasichana sita na mimi. Guta linapanda pantoni?

Fundi Taa

Linapanda. Wahini kabla ya saa moja, baada ya hapo foleni mnakaa mpaka jua la utosi. Na mje na kamba, yangu imeoza.